Nyuki Wakija, Hakuna Kungojana

Tulimzika Nzioka kwao Muthetheni mwezi uliopita, na mhubiri akasimama mbele ya jeneza akasema kwamba marehemu hakuwa mtu wa kuogopa. Mama Halima, aliyekuwa amekaa karibu nami kwenye kiti cha plastiki, buibui lake limejaa vumbi jekundu hadi magotini, akanifinya mkono. "Wanamzika nani hawa?" akaninong'oneza. Nikajifunika uso kwa leso, watu wakadhani nalia, na kweli nilikuwa nalia, ila kicheko ndicho kilichotangulia. Nzioka aliogopa kila kitu chenye pumzi. Aliogopa viboko, aliogopa vinyonga, aliogopa mbwa wa watu hata waliofungwa, na maji yakipita kifundo cha mguu alikuwa haingii. Sijawahi kukutana na mwanamume mwoga kama yeye, na nasema hivyo mimi ambaye kwa mwaka mzima wa ujana wangu nililala na hofu, nikaamka nayo, nikaipandisha baiskeli nikaenda nayo hadi bwawa la Masinga na kurudi. Mwaka huo ndio nataka kuueleza, kabla wahubiri hawajaniandalia na mimi uongo wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nzioka alikuwa ameanza kazi ambayo mjini Machakos watu waliicheka waziwazi: kuwachukua wageni kutoka Nairobi, kuwapa baiskeli za gia, na kuwapitisha kwenye barabara za changarawe ambazo sisi wenyewe tungelipa nauli tusizipite. Safari ilianzia kwenye mabaki ya ngome ya zamani pale mjini, ikashuka kwa mashamba ya Mwala, ikapita Muthetheni, ikavuka mto Athi na kupanda Yatta. Tulilala Matuu, na kesho yake tukateremka hadi Masinga. Mwisho wa safari ulikuwa jengo la mawe lisilo na paa, juu ya kilima kinachotazama bwawa. Sisi tuliliita Ngome. Wengine walisema lilijengwa na askari wa Kiingereza, wengine wakasema ni wafanyabiashara wa pembe za ndovu, na Nzioka aliwaambia wageni lolote aliloona litawapendeza. Yeye aliongoza mbele. Mama Halima, mpishi wetu, ambaye jamaa zake walikuwa na duka la vitambaa karibu na msikiti, alitangulia na pikapu iliyobeba vyakula. Mimi nilikuwa mkia. Kazi ya mkia ni kukaa nyuma ya kila mtu, kuwasubiri waliochoka, kuwainua walioanguka, na kuhakikisha hakuna anayeachwa. Nyuma ya mkia hakuna mtu.

Kabla ya kuondoka, Nzioka aliwapanga wageni kando ya yale mawe ya mjini akawasomea sheria kwa kichwa. Helmeti haivuliwi. Haturuki majini hata jua likiwa kali. Ukiona kiboko, usimpige picha, geuza baiskeli. Nilizijua zote, na nyuma ya mgongo wake nilikuwa namwigiza, mkono kiunoni, tumbo mbele, hadi wageni wanaangua kicheko. Ya mwisho aliisema kwa sauti ya chini. "Nyuki wakija, hakuna kungojana. Usisimame, usiangalie nyuma, usiokoe mtu. Kanyaga mpaka uone gari la Mama Halima, uingie, ufunge vioo. Ukisimama kuokoa mmoja, tunazika wawili." Wageni walicheka hapo pia, maana nyuki kwao ni kijidudu cha kwenye chupa ya asali. Hawakujua Yatta. Kule mizinga ya magogo imetundikwa kwenye migunga kila upande, kila mmoja na alama ya mwenyewe, na nyuki wa huko hawana mchezo. Mimi pia sikuiwazia sana sheria hiyo, kwa sababu ilikuwa haijanihusu bado.

Ikanihusu mwezi wa pili, wakati wa jua kali. Tulikuwa tumefika Ngome, tumeegemeza baiskeli ukutani, tunakula ndizi kama kawaida yetu na kutupiana maganda. Ndani ya nyufa za mawe kulikuwa na nyuki ambao siku zote walikuwa wametuvumilia. Siku hiyo walitoka. Walikuwa wachache, kundi la kututisha tu, na kila mtu alikimbia akaumwa hapa na pale akacheka baadaye. Mimi niliumwa shingoni na mkononi. Nilipofika kwenye pikapu midomo yangu ilikuwa imefura, na nilipotaka kumwambia Mama Halima kwamba ninajisikia vibaya, sauti haikutoka. Nakumbuka dashibodi ya gari ile, tasbihi ikining'inia kwenye kioo, na hewa ikipita kooni mwangu kwa shida, nyembamba, ikipiga mluzi. Nakumbuka nikiwaza, kumbe ni hivi, mtu anakufa mchana, na watu wanaendelea kuchunga mbuzi.

Daktari wa zahanati aliyenidunga sindano alikuwa kijana mwenye haraka. Alisubiri nikapata pumzi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. "Mwili wako hautaki nyuki kabisa," akasema. "Leo umebahatika. Siku nyingine, dada, sijui kama utanifikia." Kisha akamfundisha Mama Halima kutumia sindano, akampa dawa ya kubeba safarini, akamwonyesha pa kudunga, pajani, bila kupoteza muda kuvua nguo. Mama Halima aliitikia kwa kichwa kila neno.

Jikoni kwake, nyuma ya lile duka la vitambaa, ndiko nilikoelewa kwamba na yeye alikuwa na hofu. Kilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, kuta nyeusi kwa moshi upande mmoja na upande wa pili zimepakwa rangi ya samawati, na siku za kuandaa safari kilinuka iliki na mafuta ya mahamri. Nilikuwa nachambua ndengu, yeye amesimama mezani na beseni la maembe kutoka Matuu. Alichukua sindano tupu, akasema "Bismillahi," akafumba macho, akadunga embe. Akakosa, akadunga meza. "Astaghfirullah! Mwanangu, ukifa mikononi mwangu nitamwambia nini mama yako?" Akachukua embe lingine. Kila wiki alidunga maembe namna hiyo, na jioni tuliyala, maji yakitutiririka hadi kwenye viwiko, na kila mara alinitazama nikila kana kwamba nitafura kwa embe. Alinisihi niache. "Si kuna kazi nyingine? Njoo tuuze vitambaa." Nilimjibu kwamba vitambaa havina mteremko. Ndivyo nilivyokuwa, mdomo mbele. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeonja ile kasi ya kushuka kutoka vilimani kuelekea Muthetheni, macho yakitoka machozi, changarawe ikilia chini ya magurudumu, na sikujua kitu kingine duniani kilichonifanya nijione mzima namna ile. Niliogopa kufa, na niliogopa kukaa dukani.

Matuu tulilala kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vya mbao, nyuma ya soko la mahindi. Ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mtu akijikuna chumba cha pili unajua ni mguu gani. Jioni moja, tumeshakula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na supu, wageni bado wanaoga, nikamsikia Nzioka akizungumza na Mama Halima kule barazani. "Huyu msichana atatufia," akasema. "Mimi sina roho hiyo, Mama Halima." Mama Halima akamwambia, "Basi mwachishe." Nikakaa kitandani nikishika godoro kwa mikono yote miwili. Nzioka akasema, "Nikimwachisha nitapata wapi mkia kama yeye? Halafu atalia. Siwezi kuona mtu analia." Ningecheka kama nisingekuwa nimebana meno.

Asubuhi aliniketisha mbele ya kikombe cha uji wa wimbi. Alikuwa amevaa ile jaketi yake ya kijani aliyoivaa jua likiwaka, na hakuwa amelala, macho yalionyesha. "Mwikali," akasema, "nikuambie ukweli, usiseme sikukuambia. Niko na watoto. Siku hiyo nyuki wakija, mimi sitakungoja. Sitaangalia nyuma. Unaelewa?" Nikamwambia naelewa. "Hapana, sema unaelewa nini." Nikasema, "Naelewa utaniacha." Akaangalia uji wake. "Ndiyo," akasema, "nitakuacha." Nimeishi miaka mingi tangu asubuhi ile, nimeahidiwa mambo na watu wengi, wengine kanisani mbele ya mashahidi, na sijawahi kuambiwa jambo la kweli kwa uso mnyoofu namna ile. Lilinitisha kuliko nyuki wenyewe. Tulimaliza uji tukapanda baiskeli.

Sasa unaelewa mwaka huo ulivyokuwa. Nilijifunza kusikia. Friji ya duka la soda pale Matuu ikivuma ilinishtua. Pikipiki ikiwa mbali ng'ambo ya bonde ilinikausha mate hadi nihakikishe ni pikipiki. Kwaya ya kanisa ikianza kuvuma kabla ya maneno, nilishika kiti. Tulipokaribia migunga yenye mizinga, mgongo wangu wote ulisimama vinyweleo, na hapo ndipo nilipokuwa naanza kuongea. Niliongea bila kituo. Niliwaambia wageni habari za majirani, bei ya nyanya, ng'ombe wa mjomba aliyemeza kamba, nikipaza sauti ili nisisikie miti. Wageni walidhani ni uchangamfu. Nzioka kule mbele alikuwa anapiga kelele, "Mwikali, mlima utaupanda kwa huo mdomo?" nami namjibu kwamba mdomo wangu hauna gia, unapanda wenyewe. Tulitaniana hivyo, waoga wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, wageni katikati wakifurahia mandhari.

Na katikati ya hofu hiyo yote tulikuwa tunafanya ujinga ambao hadi leo nikiukumbuka natikisa kichwa. Nzioka alikuwa amekataza manukato, amekataza nguo nyeusi, amekataza kupiga mbinja tukikaribia Ngome. Halafu kila asubuhi alimgawia kila mtu ndizi mbivu aweke mfuko wa nyuma wa fulana, maana mwendesha baiskeli bila ndizi hafiki popote. Harufu ya ndizi iliyoiva sana inafanana na ile anayoitoa nyuki akiwaita wenzake vitani. Kila mfuga nyuki wa Yatta anajua, huendi kurina asali ukiwa umetoka kula ndizi. Sisi tulikuwa watoto wa Ukambani, asali tumelelewa nayo, lakini mjini, na hakuna aliyewahi kutuambia. Tulibeba baragumu ya vita mgongoni mwaka mzima, na jua likiipika.

Siku yenyewe ilikuja mwezi wa kumi na moja, mvua zimeanza, nchi imegeuka kijani. Wageni walikuwa wawili tu, mume na mke, wote walimu, watu wa upole wanaoomba radhi wakipita mbuzi. Tangu ile ajali ya kwanza hatukuingia tena Ngome, tuliitazama kutoka chini, kwenye njia inayoteremka hadi bwawani kati ya migunga. Mvua ya alfajiri ilikuwa imeiacha njia ile inateleza. Nilikuwa naongea, nadhani kuhusu harusi ya binamu yangu, gurudumu la mbele likaondoka kama sabuni, nikaanguka chali. Mguu wangu ulibanwa chini ya baiskeli. Sikuumia. Nakumbuka nilianza hata kucheka. Kisha nikahisi umajimaji mgongoni, ndizi zimepondeka, na ile harufu tamu ikanipanda puani. Mzinga ulikuwa kwenye mti juu yangu.

Mvumo haukuanza polepole. Mbele mwalimu mwanamke alipiga yowe, "Nyuki!" na nikasikia sauti ya Nzioka imepasuka, "Kanyaga! Kanyaga! Msiangalie nyuma!" Niliinua kichwa nikaiona migongo yao mitatu, ile jaketi ya kijani mbele kabisa, ikizunguka kona na kupotea. Hakuna aliyegeuka. Ndivyo tulivyokubaliana. Nilivuta mguu, haukutoka. Wa kwanza aliniuma sikioni. Nilifunga mdomo wasije wakaingia, nikafumba macho, nikabaki nimelala kwenye matope nikiwasikia wakitembea kwenye nywele zangu chini ya helmeti, na hofu niliyoipata hapo sina neno lake, kwa Kiswahili wala Kikamba. Sikuomba Mungu. Sikumwaza mama. Nilikuwa nahesabu pumzi nikisubiri ile itakayokataa kupita.

Kisha nikasikia breki huko chini. Nikafumbua jicho moja. Nzioka alikuwa anapanda ule mteremko peke yake, amesimama juu ya pedali, na alikuwa analia. Sisemi macho yalimtoka machozi kwa upepo. Alikuwa analia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano. Akatupa baiskeli yake, akaondoa yangu juu ya mguu wangu, akavua jaketi akanifunika kichwa hadi kiunoni, na nikahisi mikono yake ikinipiga mgongoni kuwaua walioingia. Chini ya jaketi alikuwa amevaa vesti tu. "Panda! Panda kwa mtalimbo! Ngai wakwa, shika hapo, shika!" Akaniweka kwenye kile chuma cha katikati, mbele yake, akakanyaga, na kwa njia yote ile nilimsikia juu ya kichwa changu, analia na kutema nyuki.

Mama Halima alikuwa amefunga vioo, walimu wamebanana naye kiti cha mbele. Alifungua mlango akanivuta ndani kwa kwapa, akanilaza juu ya mapaja ya wageni. Koo langu lilikuwa limeshaanza ule mluzi. Nikamwona akichomoa sindano na kuielekeza pajani mwangu. "Bismillahi," akasema. Safari hii hakufumba macho. Nzioka hakuwa na nafasi, na nyuki bado walikuwa wamemganda, basi alijitupa nyuma ya pikapu akajifunika turubai lililofunika masufuria, na gari likaondoka. Njiani tulikuwa tunasikia masufuria yakigongana, na kati ya mgongano na mgongano tulikuwa tunamsikia yeye. Kuna mahali kimya kilikuwa kirefu. Mama Halima alipiga ukuta wa nyuma kwa ngumi, "Nzioka! Nzioka, sema kitu!" na baada ya muda kikaja kilio, na Mama Halima akasema alhamdulillah akaongeza mwendo.

Pale zahanati walitulaza chumba kimoja, pazia la maua katikati, kwa kuwa ndicho chumba kilichokuwepo. Kesho yake asubuhi walilisogeza, nikamwona. Hakuwa na uso. Macho yalikuwa mistari miwili, masikio kama mandazi, vidole havikunjiki. Mama Halima alikuwa ameleta chai ya tangawizi kwenye chupa na mahamri kwenye kitambaa, akawa anamnywesha kwa kijiko, akimsuta kwa kila kijiko, mara mpumbavu, mara mwanangu. Nilisubiri hadi alipotoka kusuuza vikombe.

"Ulisema utaniacha," nikamwambia.

"Nilikuacha," akasema. Midomo ilikuwa inamshinda. "Si uliona? Nilifika mpaka karibu na gari. Nililiona gari, Mwikali."

"Basi kwa nini ulirudi?"

"Wewe huwa hunyamazi," akasema. "Mwaka mzima nyuma yangu ni kelele, kelele, kelele. Nikafika pale, nikasikia umenyamaza." Akajaribu kufuta jicho kwa kile kidole kisichokunjika. "Usiambie watu ati nilikuwa shujaa. Nilikuwa naogopa nyuki, kweli. Lakini ile kimya niliiogopa zaidi. Nilijua nikiingia gari nitaisikia kila siku. Nikiwa na watoto wangu, nikila, nitakuwa naisikia tu. Sasa mtu mwoga kama mimi ningeishi na hiyo kitu vipi?"

Nilishuka kitandani nikaketi sakafuni karibu naye, nikaushika ule mkono uliofura, ulikuwa wa moto, na nikaanza kumsimulia ng'ombe wa mjomba aliyemeza kamba, habari aliyokuwa ameshaisikia kila safari. Nilimsimulia yote, na nilipofika mwisho akasema, "Endelea."

Baadaye tuliacha ndizi, tukabeba karanga. Njia ya Ngome tuliifunga kabisa. Zile sheria alibaki nazo zote, helmeti, maji, kiboko, ila ile ya mwisho hakuisema tena; akifika hapo alikuwa anakohoa na kupanda baiskeli. Na kitu kingine alibadilisha bila kunieleza. Mara ya kwanza tuliporudi barabarani, alinisukuma mbele, yeye akaenda nyuma ya kila mtu, na huko ndiko alikokaa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Hakuwahi kuzoea kuwa mkia. Tukikaribia mizinga nilikuwa namsikia kule nyuma anavyopumua.